Kalamu na kamera za wageni: Nani mwenye sauti ya Kaskazini Mashariki?

MJI wa Modogashe, ulio katika eneo la Lagdera, Kaunti ya Garissa, hufahamika na wengi kama njia panda. Hapo hukutana barabara inayotoka Isiolo, ile inayotoka Garissa na ile inayoelekea Wajir hadi Mandera. Hapo pia malisho ya Wasomali na ya Waborana hupakana, na mpaka wa kaunti za Garissa na Isiolo umezua mivutano kwa miaka mingi.

Mahali kama hapo kumbukumbu ni mali. Ni nani aliyechimba kisima fulani, ni ukoo upi uliopokea wenzake wakati wa ukame, na ni damu ya nani ambayo haijalipiwa fidia; hayo ndiyo mambo yanayoamua uhai wa watu na mifugo. Kwa vizazi vingi kumbukumbu hizo zilihifadhiwa vinywani: katika mashairi ya Wasomali, katika nyimbo wanazoimba Waborana wakichota maji visimani, na katika nasaba ambazo mtoto hufundishwa akiwa mdogo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayosomwa na kutazamwa ulimwenguni kuhusu wafugaji hao yaliandikwa, yakachorwa na kupigwa picha na watu waliotoka mbali. Baadhi walikuja na silaha ya serikali nyuma yao, wengine na daftari, wengine na kamera. Ndiposa swali hili limekuwa zito: mgeni anaponasa sauti na sura za jamii, ni nani mwenye mamlaka juu ya kile alichokinasa?

Swali hilo limeulizwa pia Australia, miongoni mwa Waaborijini ambao ni wenyeji asilia wa nchi hiyo. Mmoja wa watengenezaji filamu waliolikabili huko alikuwa amelikuta kwanza miongoni mwa wafugaji wa Uganda na Kenya.

MSTARI WA MKOLONI

Wakati wa utawala wa Mwingereza, Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit na Moyale zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD. Eneo hilo lilifungwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Hivyo basi, waandishi wa kwanza wa habari zake kwa Kiingereza walikuwa maafisa wa utawala wenyewe.

Katika ripoti zao, maafisa hao waliwagawa wenyeji kwa makabila na kuchora mstari wa kutenganisha malisho ya Wasomali na ya watu waliowaita 'Galla', jina ambalo Waoromo, wakiwemo Waborana, hulichukulia kuwa la dharau. Mfugaji aliyevuka mstari kufuata mvua alihesabiwa kuwa mkosaji, hata kama babu yake alikuwa amevuka hapo kila mwaka.

Wino wa mgeni, kwa hivyo, haukuwa wino tu. Ulikuwa mpaka. Na hadi leo wanaozozania ardhi katika maeneo hayo hutafuta ushahidi katika ramani na ripoti za kikoloni.

Lakini si kila mgeni aliyekuja aliandika mambo ya kugawa. Mnamo 1989 mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Günther Schlee, alichapisha kitabu kiitwacho 'Identities on the Move' kuhusu koo za kaskazini mwa Kenya. Alionyesha kwamba koo zilezile hupatikana ndani ya makabila tofauti, miongoni mwa Warendille, Wagabra, Wasakuye na baadhi ya Wasomali, na kwamba undugu huo huvuka mipaka ya lugha na dini. Kwa maneno mengine, mstari uliochorwa na mgeni mmoja ulitiliwa shaka na mgeni mwingine aliyekuwa na subira ya kuwasikiliza wazee.

SURA ZISIZO NA SAUTI

Kabla ya watafiti wa aina ya Schlee, picha iliyofahamika zaidi ya watu wa Kenya ilitoka kwa Joy Adamson, mzaliwa wa iliyokuwa Dola ya Austria na Hungaria, aliyekuja Kenya mnamo 1937. Wengi humkumbuka kwa kisa cha simba Elsa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi.

Adamson hakuwa mgeni wa kaskazini. Alikutana na mumewe wa baadaye, George Adamson, mjini Garissa mnamo 1942, na kwa miaka mingi waliishi Isiolo. Alichora mamia ya picha, na mnamo 1967 akachapisha kitabu kuhusu watu wa Kenya. Michoro yake ilihifadhiwa katika makavazi jijini Nairobi.

Thamani ya kazi hiyo haikanushiki. Kuna mapambo na mitindo ya nywele ambayo leo haionekani tena ila katika michoro hiyo. Lakini mtazamaji huiona shanga bila kumsikia aliyeivaa. Hajui mtu yule aliona nini maishani mwake, wala alifikiri nini kuhusu mwanamke aliyeketi mbele yake na brashi.

Sanaa ya wafugaji yenyewe ilichelewa kupewa heshima. Mnamo 1995 Mmarekani Labelle Prussin, mtaalamu wa historia ya usanifu majengo, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wagabra, Warendille na Wasomali. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba msanifu wa nyumba hizo ni mwanamke. Yeye ndiye husuka mikeka, hukunja miti, huisimamisha nyumba na huibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Jambo hilo kila msichana wa Lagdera alilijua. Ila vitabuni halikuwa limepata nafasi yake.

WALIOKAA NA WENYEJI

Katika miaka ya 1950 Mwingereza Paul Baxter alifanya utafiti miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika miaka ya 1970 alifuata Gudrun Dahl, raia wa Uswidi, aliyeishi na Waborana wa Waso katika Isiolo, ambao ni majirani wa moja kwa moja wa Modogashe. Kitabu chake, 'Suffering Grass', kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Stockholm mnamo 1979.

Dahl aliandika kuhusu watu waliokuwa wametoka tu katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, ambapo wafugaji walikusanywa kambini na mifugo yao mingi ikaangamia. Huo ulikuwa wakati ambapo maeneo ya Kaskazini Mashariki yaliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, zilizodumu hadi 1991. Mwanahabari kutoka Nairobi hakuwa na nafasi kubwa ya kwenda huko na kuandika apendavyo. Kwa hivyo daftari la mtafiti wa kigeni likawa mojawapo ya mahali pachache ambapo hasara ya mfugaji ilihesabiwa.

Hapo faida ya mgeni huonekana wazi. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba dawa hiyo iliandikwa kwa Kiingereza cha wasomi na kuwekwa rafuni Ulaya. Mwana wa aliyehojiwa angehitaji kwenda chuo kikuu ili asome maneno ya babake.

KAMERA KASKAZINI

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kamera. Mnamo 1968 Wamarekani David na Judith MacDougall walienda kaskazini mashariki mwa Uganda kuwapiga picha wafugaji Wajie. Filamu waliyoitoa mnamo 1972, 'To Live with Herds', ilishinda tuzo katika tamasha la Venice. Baadaye, kati ya 1973 na 1974, walifanya kazi miongoni mwa Waturkana.

Kati ya kazi hizo mbili, David MacDougall alishirikiana na mwenzake James Blue kutengeneza 'Kenya Boran', iliyotolewa mnamo 1974. Filamu hiyo ilipigwa Marsabit. Inahusu akina baba na wana wao: mvulana anayelisha ng'ombe, na mvulana aliyekaa shule ya bweni hadi akapoteza ustadi wa kuchunga, ilhali hana hakika kwamba masomo yatampa kazi. Ni swali ambalo mzazi wa Modogashe hulijua vyema hata sasa.

Upya wa filamu hizo haukuwa katika mandhari. Kabla yake, filamu nyingi kuhusu Waafrika zilikuwa na sauti ya mzungu asiyeonekana, akimweleza mtazamaji wanachofanya 'wenyeji hawa'. Akina MacDougall waliwaacha watu wazungumze kwa lugha zao, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Mtazamaji wa London au New York alimsikia mzee wa Kiborana akibishana, akifanya mzaha, akipima maneno kabla ya kuyatoa. Kwa mara ya kwanza, sura ilikuwa na sauti.

Lakini hatua hiyo ilifungua swali jingine. Aliyeamua sauti ipi ibaki na ipi ikatwe bado alikuwa yule mwenye kamera. David MacDougall mwenyewe ameandika kwa kirefu kuhusu jambo hilo, akiuliza hadithi iliyomo katika filamu ni ya nani.

FUNZO KUTOKA AUSTRALIA

Mnamo 1975 MacDougall alihamia Australia na kuongoza kitengo cha filamu cha Taasisi ya Masomo ya Waaborijini jijini Canberra. Huko wenyeji ndio walioanza kumwita mwenye kamera. Filamu 'Good-bye Old Man' ya 1977 ilitengenezwa kwa sababu mzee mmoja wa Kitiwi, kabla ya kufariki, aliomba sherehe ya mazishi yake irekodiwe.

Taasisi hiyo hiyo ilimwajiri Mmarekani mwingine, Eric Michaels, mnamo 1982. Serikali ya Australia ilikuwa ikijiandaa kurusha setilaiti ambayo ingepeleka televisheni hadi vijiji vya jangwani, na Michaels alitakiwa kuchunguza athari zake. Alienda Yuendumu, kijiji cha Wawarlpiri katikati ya nchi.

Wawarlpiri hawakungoja televisheni ya serikali. Kwa kushirikiana na Michaels, vijana kama Francis Jupurrurla Kelly walitengeneza vipindi kwa lugha yao, na mnamo 1985 kijiji kikaanza kurusha matangazo yake chenyewe bila leseni. Miaka hiyo hiyo, wazee wa Yuendumu walichora hadithi zao takatifu kwenye milango ya shule ili watoto wasizisahau. Milango hiyo leo iko katika makavazi ya Australia Kusini.

Michaels, aliyefariki mnamo 1988, aliona jambo ambalo wasimamizi wa televisheni hawakuwa wamelifikiria. Kwa Wawarlpiri, habari si mali ya kila mtu. Kuna hadithi ambayo mtu anaweza kuisimulia, nyingine anaweza tu kuisikia, na nyingine hana haki nayo kabisa. Picha na jina la marehemu havionyeshwi ovyo, na ndiyo maana televisheni za Australia siku hizi hutoa onyo kabla ya vipindi vyenye sura za Waaborijini waliofariki.

Mfano bora ni video ambayo Jupurrurla alitengeneza kuhusu mauaji ya Coniston ya 1928, ambapo polisi na wenzao waliwaua Waaborijini wengi. Katika video anaonekana mzee akisimulia na ardhi ikipita taratibu. Mtu wa nje angedhani ni kazi ya watu wawili. Kumbe nyuma ya kamera walisimama jamaa wengi, na bila wao kuwepo, kusimulia kule kusingekuwa halali. Mashahidi wa hadithi hawakuonekana, lakini ndio walioipa nguvu.

Kaskazini Mashariki ina Coniston yake. Mnamo Februari 1984 wanajeshi wa Kenya waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda walikaribia 1,000. Mnamo 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha kitabu kuhusu mauaji hayo, na mnamo 2015 Judy Kibinge, Mkenya asiyetoka eneo hilo, akatoa filamu 'Scarred' iliyobeba ushuhuda wa walionusurika. Katika kazi kama hizo suala la ruhusa si adabu tu. Mjane anayesema mbele ya kamera hufungua kidonda cha ukoo mzima.

SHERIA YA WASHAIRI

Baadhi ya watu hudhani kwamba kudai hakimiliki juu ya utamaduni ni wazo lililoletwa kutoka ng'ambo. Washairi wa Kisomali wangewacheka.

Katika ushairi wa Kisomali, hasa utenzi mzito uitwao gabay, kila mstari huwa na neno linaloanza kwa sauti ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayekariri shairi la mwingine hutakiwa kumtaja mtunzi na kutoyageuza maneno yake kwa makusudi. Anayeficha jina la mtunzi huhesabiwa kuwa mwizi. Wanawake nao wana utungo wao, buraanbur. Yote hayo yalifuatwa bila karatasi wala mahakama, kabla ya Somalia kuwa na maandishi rasmi ya Kisomali mnamo 1972.

Mgeni aliyeielewa sheria hiyo mapema alikuwa B.W. Andrzejewski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, na ambaye pia aliandika kuhusu lahaja ya Waborana. Alifanya kazi bega kwa bega na Musa Galaal, msomi wa Kisomali. Hekima za Kisomali walizozishughulikia zilipochapishwa mnamo 1956, jina lililokuwa juu ya kitabu lilikuwa la Musa Galaal. Andrzejewski alitajwa kama mhariri. Alikuwa amefuata kanuni ya gabay: mtaje mwenye maneno.

Teknolojia ilipofika, Wasomali waliipokea kwa kanuni hizo hizo. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mnamo 1957. Kuanzia miaka ya 1970 vinasa sauti vilisambaza mashairi kutoka kambi moja ya mifugo hadi nyingine, yakiwemo yale ambayo watawala hawakutaka yasikike. Nchini Kenya, KBC imekuwa ikitangaza kwa Kisomali na Kiborana, na stesheni ya kibinafsi ya Star FM hutangaza kwa Kisomali hadi Garissa. Hapo tofauti na Yuendumu ni ndogo. Jamii zote mbili zilichukua chombo cha mgeni na kukitia adabu za nyumbani.

KIBALI CHA NANI?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Mnamo 2016 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni. Inahitaji jamii ipewe maelezo kamili na kutoa idhini kabla ya mtu wa nje kutumia utamaduni wake kwa faida. Inazitaka serikali za kaunti kuweka sajili, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kuwa na hazina ya kidijitali.

Aidha, anayefanya utafiti nchini hupaswa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Lakini leseni hiyo ni ruhusa ya dola. Haimaanishi kwamba wazee wa kisima fulani wamekubali nyimbo zao zirekodiwe, wala kwamba familia imeridhia picha za wake na mabinti zao kusambazwa, jambo ambalo Waislamu wengi wa eneo hilo hulikataa.

Kuna ugumu mwingine. Sheria huzungumza kana kwamba kila jamii ina mipaka yake. Shairi la Kisomali husikika Kenya, Somalia, Ethiopia na Djibouti. Wimbo wa Kiborana huimbwa pande zote mbili za mpaka wa Moyale. Sajili ya Garissa ikiandika jambo kuwa lake, Isiolo au Wajir itasemaje? Sajili inaweza kugeuka kuwa mstari mwingine wa mkoloni, safari hii ukichorwa na mwenyeji.

Jawabu huenda liko Modogashe kwenyewe. Mnamo Aprili 2001 wazee na viongozi kutoka Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na wilaya nyingine za wafugaji walikutana mjini humo na kutoa Azimio la Modogashe. Walikubaliana kuhusu malisho, wizi wa mifugo na fidia ya damu, ambayo iliwekwa kuwa mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Kipengele hicho cha mwisho kimekosolewa, na kwa haki, kwa kumthamini mwanamke nusu. Lakini namna ya kufikia azimio ni funzo: mila zilizokuwa midomoni ziliwekwa kwenye karatasi na wenye mila hizo, wakiwa wameketi pamoja kutoka pande zote za mpaka, kila upande ukiwa shahidi wa mwingine. Ni utaratibu uleule wa jamaa waliosimama nyuma ya kamera ya Jupurrurla.

Utaratibu kama huo ukitumika, mtafiti angejua aende kwa nani, na wanawake wanaosuka mikeka ya nyumba wangekuwa na kiti katika baraza hilo. Masharti yanaweza kuwa machache. Mwenye maneno atajwe. Nakala ya kanda au filamu irudishwe kwa lugha ambayo wenyeji wanaielewa. Na kile ambacho jamii imesema kisitoke, kisitoke.

Haja hiyo inaongezeka badala ya kupungua. Leo kijana wa Modogashe ana simu yenye kamera bora kuliko ile iliyotumika Marsabit katika miaka ya 1970. Anaweza kumrekodi nyanyake jioni, na kabla ya alfajiri dunia nzima imemwona. Hahitaji mgeni wa kumpigia picha. Lakini kanuni ya kale inamhusu yeye pia, kwani hata mwenyeji anaweza kuitumia sauti ya mwenzake bila idhini.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wageni walilileta daftari, na wafugaji wa kaskazini wana sababu ya kuwashukuru wale walioandika kwa uaminifu. Kilichobaki ni daftari hilo kurudi mikononi mwa wenye mali.